Betri ya haibridi haipimwi ikiwa imelala

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Nimejiwekea pesa za chama kwa muda mrefu na sasa nataka kununua gari la teksi. Yadi moja imenionyesha Toyota Aqua ya mwaka 2018. Muuzaji asema betri ni nzima kwa sababu hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, na kwamba wameipima wakapata volti 155. Kaka yangu aniambia niachane na haibridi, nichukue Nissan Leaf ya umeme mtupu. Nitajuaje kama betri na mota ni nzima kabla sijatoa pesa? Na je, vipimo hivyo naweza kuvisimamia mwenyewe, au sina budi kuamini maneno ya mafundi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Hizo volti 155 huenda ni za kweli kabisa, na bado hazikuambii lolote. Betri iliyochoka na betri nzima, gari likiwa limeegeshwa tu yadini, husoma karibu sawasawa. Tofauti yao hutokeza pale unapoidai betri umeme mwingi kwa ghafla, na iwe imeshapata joto la kazi. Vijana wangu gerejini nawaambia kila siku: betri haipimwi ikiwa imelala. Ukilishika hilo, mengi nitakayokueleza hapa utaona yanatoka humo. Na ndiyo, sehemu kubwa ya vipimo waweza kuvisimamia mwenyewe, simu mkononi.

Acha kwanza nikuonyeshe kilichomo. Aqua ya umbo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ina betri ya nikeli chini ya kiti cha nyuma. Ndani mna moduli 20 zilizopangwa ubavu kwa ubavu kama vitabu rafuni. Kila moduli ina seli 6, kila seli volti 1.2 za jina; ikiwa na chaji husoma zaidi kidogo, ndiyo maana muuzaji akapata 155. Zidisha upate seli 120 na volti 144. Corolla Fielder ya haibridi ina mpango huohuo wa volti 144, na Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, volti 201.6. Ujazo, yaani kiasi cha umeme inachobeba, ni ampea-saa 6.5, ambazo kwa Aqua hazifiki hata uniti moja ya tokeni unayonunua nyumbani. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa maana wanadhani gari limebeba ghala la umeme. Sivyo. Betri hii kazi yake ni kupokea na kutoa: ukikanyaga breki inapokea, ukiondoka kwenye mataa inatoa, kutwa nzima, na kompyuta huizuia isijae wala isiishe. Huiweka baina ya asilimia 40 na 80 hivi.

Sasa angalia jambo moja. Moduli hizo zimefungwa mfululizo, kwa hiyo umeme uleule hupita katika kila moja. Ni kama watu 20 waliojipanga kutoka kisimani hadi nyumbani wakipokezana ndoo za maji. Wakiwa wamesimama tu, huwezi kujua nani mgonjwa. Waambie waharakishe ndipo utaona ndoo zinamwagikia miguuni pa nani. Na huyo mmoja akizidiwa, nyumbani hapafiki maji ya kutosha hata kama wale 19 wana nguvu za simba.

Mwaka jana dereva mmoja wa teksi aliniletea Aqua aliyoinunua miezi minne nyuma. Malalamiko yake yalikuwa mawili: mafuta yanakwisha upesi, na nyuma ya gari kuna kitu kinavuma. Dashibodi ilikuwa safi, haina taa hata moja. Nikachomeka kisomaji kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta za gari, iliyo chini ya usukani, nikafungua programu kwenye simu. Kompyuta ya betri huzisoma moduli mbili mbili, basi kiooni nikapata jozi 10. Gari limesimama, jozi zote zilisoma volti 15.6. Mtu mwenye nia ya kuuza angepiga picha hapo na kumtumia mteja.

Tukatoka barabarani. Baada ya nusu saa ya foleni ya Kongowea, A/C ikiwa wazi, nikasimamisha gari nikaondoka kwa nguvu. Betri ikawa inatoa ampea 60. Jozi tisa zikashuka hadi volti 14.4, na ya saba ikaanguka mpaka 12.9. Nikaachia mafuta, nikakanyaga breki kidogo ili betri ipokee, na jozi ileile ya saba ikaruka juu kuwapita wenzake wote. Hiyo ndiyo sura ya moduli yenye ukinzani mkubwa wa ndani, yaani inayozuia umeme usipite kwa urahisi: ikidaiwa huanguka kuliko wenzake, ikilishwa hupanda kuliko wenzake. Ingekuwa inaanguka tu bila kupanda hivyo, ningeshuku kwamba ujazo wake umepungua, au kwamba iko nyuma ya wenzake kwa chaji.

Hesabu yake ni ya darasani tu. Jozi nzima zilipoteza volti 1.2 kwa ampea 60, kwa hiyo ukinzani wake ni miliomu 20. Ile mbovu ilipoteza volti 2.7, yaani miliomu 45. Joto linalozalishwa ni ampea mara ampea mara ukinzani. Jozi nzima ilikuwa inatoa wati 72 wakati ule, mbovu wati 162. Fikiria balbu mbili kubwa za zamani zimewashwa ndani ya kitu chenye ukubwa wa kamusi mbili zilizobanwa na nyingine pande zote. Jirani zake nao wanaokwa. Ndiyo maana betri ikianza kuharibika mahali pamoja, ukipuuza, miezi michache baadaye si pamoja tena.

Tulipoifungua, tukakuta mambo mawili ambayo kwenye pwani yetu nayakuta karibu kila mara. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vilikuwa na ukungu wa kijani kwenye nati, nyaya nyembamba za kusomea volti zikiwa zimeanza kuliwa na hewa ya chumvi. Na feni ya kupooza betri ilikuwa imevaa blanketi la vumbi na nyuzi za kapeti, mapanga yake huyaoni. Huo ndio uvumaji aliousikia: kompyuta ilikuwa inaizungusha feni kwa kasi ya mwisho ili ivute hewa isiyopatikana. Kwenye Aqua tundu la kuvutia hewa liko pembeni, chini ya kiti cha nyuma. Madereva hushona vitambaa vya viti vinavyolifunika, abiria wakaweka mifuko mbele yake. Ukinunua gari hilo, dada yangu, tundu hilo lilinde kama unavyolinda jiko la gesi.

Swali lako litakuwa: mbona taa haikuwaka? Kwa sababu taa si kipimo cha afya. Kompyuta husubiri hadi tofauti baina ya jozi iwe kubwa na ijirudie, ndipo iandike hitilafu, ambayo kwa Toyota mara nyingi ni P0A80. Baina ya betri kuchoka na taa kuwaka kuna kipindi kirefu, na magari mengi huuzwa katika kipindi hicho hicho. Tena hitilafu zilizoandikwa hufutika kwa sekunde chache. Lakini anayefuta huacha nyayo. Gari huhifadhi umbali uliotembea tangu hitilafu zifutwe, na kila kisomaji cha OBD cha maana kinaweza kuuonyesha. Ukiona dashibodi inasema kilomita 86,000 na kumbukumbu inasema zilifutwa kilomita 3 zilizopita, uliza zilifutwa za nini. Kufunga na kufungua betri ndogo ya volti 12 nako huweza kurudisha hesabu hiyo sifuri, kwa hiyo usimwite mtu mwizi papo hapo. Uliza tu, kisha endesha muda mrefu zaidi kabla ya kuamua.

Basi siku ya kwenda yadini fanya hivi. Nunua au azima kisomaji cha Bluetooth kinachokubaliwa na programu ya Dr. Prius au Hybrid Assistant. Visomaji vya bei ya chini sana hukwama katikati ya kipimo, kwa hiyo kijaribu kwanza kwenye gari la mtu unayemjua. Fika asubuhi, gari likiwa halijawashwa, na uombe liwashwe mbele yako. Injini ya Aqua ikiwaka baridi isitetemeke kama inayokosa silinda. Mtetemeko huo watu huusingizia betri, na mara nyingi ni masizi au gasketi ya kichwa. Prius ya kizazi cha tatu imesifika vibaya kwa hilo.

Kabla ya kuigusa betri kubwa, pima ile ndogo ya volti 12. Hii huwasumbua hata mafundi wazuri. Aqua haina alteneta. Betri ndogo hulishwa na kigeuzi kinachoteremsha umeme wa betri kubwa. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, betri ndogo nzima husoma karibu volti 12.5. Likiwa kwenye READY, yaani limewashwa na taa hiyo yaonyesha liko tayari kuondoka, isome karibu 14. Ikibaki 12 na kitu wakati READY imewaka, kigeuzi hakifanyi kazi yake. Na betri ndogo ikiwa dhaifu, kompyuta za gari huchanganyikiwa zikaandika hitilafu kumi zisizohusiana, mtu akauziwa betri kubwa bure. Nimewaona waliouziwa.

Halafu endesha. Usikubali kuzunguka yadi mara mbili. Taka nusu saa, na watu wawili wamekaa nyuma, A/C wazi. Mtu mwingine ashike simu. Unachotazama si namba yenyewe, ni tofauti baina ya jozi ya juu kabisa na ya chini kabisa wakati betri inatoa ampea nyingi. Mimi nikiona tofauti haizidi nusu volti chini ya mzigo, nanyamaza. Ikifika volti moja, mwenye gari aanze kuhesabu gharama ya betri katika bei. Ikipita hapo na ni jozi ileile kila mara, gari hilo limwachie muuzaji. Tazama pia vihisi vya joto. Upande mmoja wa betri ukiwa na joto la nyuzi 10 zaidi kuliko mwingine baada ya kuendesha, hewa haipiti vizuri au kuna moduli inayochemka.

Mwisho egesha, acha READY na A/C. Betri nzima itaiendesha A/C dakika kadhaa kabla injini haijawaka kuichaji. Iliyopungua ujazo, injini huwaka, huzima, huwaka tena karibu kila dakika, na mistari ya chaji kwenye dashibodi hupanda na kushuka kama mizani ya sokoni. Hilo waweza kuliona bila kifaa chochote.

Tahadhari moja ya namba: nilizokupa ni za Aqua ya umbo la kwanza. Aqua mpya iliyotoka 2021 ina betri ya nikeli ya muundo mwingine kabisa, na Nissan Note e-Power ina betri ya lithiamu na injini ambayo kazi yake ni kuzalisha umeme tu, magurudumu huzungushwa na mota peke yake. Usichukue kipimo cha moja ukahukumia nyingine.

Tuje kwa Leaf ya kaka yako. Huko mambo hugeuka, kwa kuwa betri ndiyo tangi lenyewe. Ya kwanza ya 2010 ilikuwa na kilowati-saa 24 (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya tokeni), ikaja ya 30, na kuanzia 2017 ya 40. Zote zina jozi 96 za seli za lithiamu zilizofungwa mfululizo, na zote hazina maji ya kupooza betri. Kwenye nchi ya baridi hilo si neno. Kwenye joto ni neno kubwa. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba mistari ya uwezo inapotea mapema mno. Nissan iliyachukua magari saba ikayapima kwenye kituo chake cha majaribio cha Casa Grande katika jimbo hilohilo, na baadaye ikatoa dhamana ya uwezo wa betri. Kanuni ya mkono tunayotumia ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, uzee wa seli huenda karibu mara mbili. Mombasa si Arizona, lakini gari linaloegeshwa juani Makupa kutwa halikai baridi.

Leaf ina mistari 12 ya afya, myembamba, pembeni ya ile ya chaji. Mstari wa kwanza hupotea uwezo ukishapungua asilimia 15 hivi, na inayofuata hupotea kwa vipande vidogo vya sita na kitu. Kwa hiyo mistari 12 yaweza kumaanisha betri mpya, na yaweza kumaanisha iliyokwisha asilimia 14. Baya zaidi, kumbukumbu hiyo huweza kurudishwa mwanzo kwa mashine ya fundi, kama inavyofanywa kihalali betri inapobadilishwa. Gari likaonyesha mistari 12 siku ya kuuzwa, kisha ikaanza kudondoka wiki kwa wiki mnunuzi akishalipa.

Kumbukumbu huweza kudanganywa, lakini mita ya tokeni haina habari na gari. Kipimo ninachokiamini ni hiki. Endesha Leaf mpaka chaji ishuke kabisa, onyo la betri liwe limeshatokea. Soma mita ya nyumba, zima vingine vyote, chaji hadi ijae kwa waya unaofaa umeme wetu wa volti 240, kisha soma tena. Jirani yangu alifanya hivyo na Leaf ya kilowati-saa 24: ilianza asilimia 15, ikajaa, mita ikala uniti 13.6. Katika kuchaji, kiasi kama asilimia 12 hupotea njiani kama joto, kwa hiyo zilizoingia betrini ni karibu 12. Hizo ni kwa asilimia 85 ya betri, basi nzima ni kama 14. Gari hilo likiwa jipya lilitoa karibu 21. Limebakiwa na theluthi mbili. Dashibodi yake ilikuwa inaonyesha mistari 11.

Yadi nyingi hazitakuruhusu ukae na gari usiku kucha. Basi tumia LeafSpy, programu ya simu inayotumia kisomaji kama kile cha Aqua; inasoma jozi zote 96 moja moja na kuzichora kama uzio. Omba gari lisiwe limechajiwa sana. Seli ya lithiamu ina tabia ya kusoma volti karibu sawa katikati ya chaji, iwe nzima au dhaifu. Ni ikikaribia chini, asilimia 20 hivi, ndipo volti huanza kuporomoka na dhaifu hutangulia. Muuzaji anayekusubiri na Leaf iliyojaa pomoni anakusubiri mahali ambapo ugonjwa haujitokezi. Kanyaga mafuta ukiwa chini huko na utazame uzio: fito zote zikishuka pamoja ni heri, moja ikichungulia chini kwa milivolti 100 na zaidi kuliko wenzake, kuna seli ya kubadilisha.

Sasa mota na inveta. Hapa nitasema kwa kifupi kidogo, kwa sababu mota za Toyota huharibika mara chache sana kuliko betri, lakini zikiharibika bei yake itakuliza. Inveta ndiyo hugeuza umeme wa betri kuwa wa fezi tatu wa mota, na kwenye Aqua huupandisha kwanza hadi volti 520. Ndani mna transista, yaani swichi za umeme, zinazopata moto na kupoa maelfu ya mara, na mwenzi wake mkubwa ni pampu ndogo ya maji yenye rejeta yake, mbali na ya injini. Fungua kifuniko cha tangi lake gari likiwa READY na bado baridi: maji yaonekane yakitikisika. Yametulia kama ya mtungi? Pampu imekufa, au kuna hewa imekwama. Februari 2014 Toyota iliziita Prius milioni 1.9 zirudi kwa sababu ya joto kwenye transista hizo, zikabadilishiwa programu. Ukiwa na kisomaji, tazama joto la inveta na la mota mbili, MG1 na MG2, kwenye foleni. Lipande, litulie, lishuke ukipata njia wazi. Linalopanda bila kutulia ni la kukataa.

Sikiliza pia gia kwa kasi ya kilomita 40 hivi, madirisha yamefungwa. Mlio mwembamba wa umeme ni kawaida. Kukwaruza au kuguruma kama jiwe la kusagia si kawaida, ni beringi. Na gari likisimama READY, mguu nje ya breki, pampu ya breki isipige kila baada ya sekunde chache. Watu husahau breki wanapopima haibridi, na breki za magari haya ni sehemu ya mfumo wa umeme, kifaa chake ni ghali.

Fundi akikuambia "nimepima mota kwa mita, ni nzuri", muulize kwa mita gani. Nyaya za mota zina ukinzani mdogo mno, wa miliomu. Ncha za mita ya kawaida peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Zinahitaji mita ya miliomu, na kinachotakiwa ni fezi zote tatu zilingane. Kipimo kingine ni cha insulesheni, yaani umeme mkubwa usivuje kwenda kwenye bodi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100, inayohusu usalama wa magari ya umeme, inataka angalau omu 100 kwa kila volti upande wa betri na 500 kwa kila volti upande wa fezi. Kwa Leaf yenye volti 360 hiyo ni omu 36,000 kwenda juu. Hicho ni kiwango cha chini cha kisheria; gari zima husoma mamilioni, na gari lililoingiwa na maji ya mafuriko au ya bahari huanguka. Hitilafu ya P0AA6, yaani ya umeme mkubwa kuvuja, ukiiona, hata kama muuzaji asema ni kihisi tu, ondoka.

Kipimo hicho usikifanye mwenyewe, wala usimruhusu fundi wa kando ya barabara. Hapa ndipo mpaka wa vile unavyoweza kuvisimamia. Kila waya wa rangi ya chungwa ni wa umeme mkubwa. Kufungua betri kunataka kuzima gari, kutoa betri ndogo, kuvuta plagi ya usalama, kungoja dakika 10 ili kapasita za inveta zitoe umeme wake, na kuvaa glavu za mpira zinazostahimili volti 1000, zilizopigwa upepo kwanza kuhakikisha hazina tundu. Fundi asiyekuwa na glavu hizo hajui anachokishika. Nimefundisha vijana kumi na wawili kazi hii na hakuna aliyegusa bisibisi kabla hajanionyesha glavu zake.

Ukija kuhitaji betri ya kubadilisha siku za usoni, jihadhari na ya "moduli moja mpya". Moduli mpya katikati ya 19 zilizozeeka hujaa na kuisha kwa mwendo tofauti, na baada ya muda mfupi jozi nyingine huanguka. Afadhali zilizotumika lakini zilizopimwa ujazo mmoja mmoja, kwa kuzijaza na kuzimwaga kwa mashine mara tatu nne, kisha zikachaguliwa zinazolingana. Au pakiti nzima mpya. Na ukiuziwa ya lithiamu, ulizia cheti cha UN 38.3. Ni majaribio manane ambayo seli lazima ipite ndipo isafirishwe: hewa nyepesi ya mahali pa juu, joto na baridi, mtikisiko, mshtuko, kuunganishwa chanya na hasi kwa nje, kugongwa au kupondwa, kuchajiwa kupita kiasi, na kulazimishwa kutoa hata ikiisha. Asiyekuwa nacho, mzigo wake umeingiaje nchini?

Kuhusu uamuzi wako kati ya mbili hizi: kwa teksi ya kutwa Mombasa, Leaf ya 24 siishauri, kwa sababu iliyochakaa itakuacha Likoni saa tisa alasiri ukitafuta pa kuchomeka. Ya 40 yenye afya inayozidi asilimia 85 kwa kipimo cha LeafSpy, na kama una pa kuchaji usiku nyumbani, itakulipa kwa mafuta utakayookoa. Kama huna mita yako mwenyewe Kisauni, chukua Aqua, na uhesabu umri wa betri tangu ilipotoka kiwandani Japani. Miaka iliyokaa huko nayo imo. Sheria yetu ya kutoingiza gari lililopita miaka minane hupunguza hatari, haiondoi.

Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda, umchukue na kaka yako ashike simu unapoendesha. Rekodi safari yote; Hybrid Assistant huihifadhi. Kama hukuelewa namba, niletee faili hilo, nitakusomea jozi kwa jozi bila malipo. Na muuzaji akikataa kisomaji kichomekwe kwenye gari lake, usibishane naye. Mrudishie funguo.